Ukiambiwa “Fungua sosiete yako”

Ndugu msomaji, na zaidi wewe kijana unayefanya kazi ya mikono: sudere, mekanisie, elektrisie, dereva wa mashine kubwa. Pengine umekwisha kusikia maneno haya ku biro ya kampuni, au utayasikia kesho: “Hatutakuandika tena kama mtumishi. Fungua sosiete yako, utuletee faktire kila mwisho wa mwezi, nasi tutakulipa.” Wengine wanaongeza na kicheko kidogo: “Utakuwa patro kama sisi.”

Neno hilo ni tamu masikioni. Nani hataki kuitwa patro? Mke atasikia furaha, wazazi kule mugini wataambiwa kwamba mtoto wao amefungua sosiete. Lakini mbele ya kutia sahihi, keti kidogo pamoja nami tufanye hesabu.

Mimi ninayekuandikia ninashika vitabu vya hesabu vya sosiete ndogo ndogo hapa Likasi tangu miaka mingi. Wenye sosiete wananiletea makaratasi yao ndani ya mfuko wa plastiki, pengine ya mwaka mzima, na mimi ninayapanga. Kwa hiyo usinione kuwa adui wa sosiete. Watoto wangu wamesoma kwa feza ya sosiete hizo. Lakini kuna sosiete ya kweli, na kuna sosiete ambayo ni shati tu alilovalishwa mtumishi ili asionekane kuwa mtumishi. Ni ya pili hiyo ninayotaka tuiangalie.

Wazee wetu hawakuyajua mambo haya. Mtu aliingia kazi ya Union Minière, na tangu mwaka 1967 kazi ya kampuni ya Leta iliyoifuata, ile tuliyokuja kuiita Gécamines. Kampuni iliandika jina lake, na la mke wake, na la kila mtoto aliyezaliwa. Ilitoa nyumba, posho ya unga, hopitali, masomo. Mimi sisemi kwamba maisha yale yalikuwa paradiso, maana mtu akitoka kazini alitoka pia nyumbani mwake. Lakini kila mtu alijua yeye ni mtumishi wa nani. Nyuma yake kazi ilianguka, mishahara ikakosekana miezi na miezi, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines wakatolewa kwa njia iliyoitwa “kuondoka kwa mapenzi”. Wengi wenu mnaosoma ni watoto wao ao wajukuu wao.

Halafu, kufuatana na Sheria ya Madini ya mwaka 2002, kampuni za inje zikaja kwa wingi Kolwezi, Fungurume, Likasi, Lubumbashi. Kampuni hizo hazifanyi kila kazi zenyewe. Kupika, kusafisha, kulinda, kubeba mawe, kutoboa, kutengeneza mashine: kazi hizo zinapewa kampuni nyingine, na hizo nazo zinatafuta watu. Ndiyo sutretansi ambayo kila mtu anaitaja. Mwaka 2021 mashirika mawili, RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi, yalitoa ripoti juu ya watumishi wa migodi ya kobalti ya Lualaba. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya watumishi hawakuandikwa na mgodi wenyewe, walipitia kampuni za katikati.

Leta nayo ilitoa sheria juu ya sutretansi, tarehe 8 Februari 2017. Sheria hiyo inasema kazi ya sutretansi ni ya kampuni zenye mali ya Wakongomani, na tena haikubaliwi kumpa mwingine zaidi ya 40% ya bei ya kazi uliyopewa. Mimi ninaona sheria hiyo ni nzuri. Imewafungulia mlango watoto wa inchi. Lakini mlango ukifunguliwa, hauingii mgeni uliyemwita peke yake. Wako wakubwa wa kazi walioona kwamba kama kila sudere ana sosiete yake, basi hawana tena sudere. Wana mafurnisere.

Nitakueleza habari ya mwipwa wangu, maana kwa habari yake tulifanya hesabu yote kwa kalamu, mezani, mke wake akiwa pamoja nasi. Yeye ni sudere, miaka 6 katika kampuni moja ya sutretansi. Mshahara wake dola 900 mkononi. Ana mke na watoto 4. Siku moja akakuja kwangu, uso unang’aa.

“Yomba, bananiita ku biro. Banasema nifungule sosiete, njo batakuwa bananilipa na faktire. Dola 1.200 ku mwezi! Na kodi ni kidogo sana, bamenieleza.”

Nikamwambia: “Muzuri. Makaratasi iko wapi?”

Akatoa makaratasi mawili. Moja ni kontra ya sosiete na sosiete. Ya pili ilikuwa fupi, mistari minne: barua yake mwenyewe ya kuacha kazi, imekwisha kuchapwa, kumebaki sahihi tu.

Msomaji, karatasi fupi hiyo ndiyo ya kusoma kwanza. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema: mwenye kazi akitaka kumwondoa mtumishi mwenye kontra isiyo na mwisho, anamtolea siku 14 za kazi za kumjulisha, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima aliofanya. Kwa mwipwa wangu ni 14 na mara sita saba, jumla siku 56 za kazi zenye malipo. Lakini mtu akiandika mwenyewe “ninaacha kazi”, hakuna mtu aliyemwondoa. Siku 56 zake zimepotea kwa mistari minne.

Tuje sasa kwenye kodi, maana kodi ndiyo chambo cha ndoano. Mtumishi anakatwa kodi ya mshahara, ile tuliyoizoea kwa jina la IPR, na kiasi chake kinapanda kadiri mshahara unavyopanda. Anakatwa pia 5% ya CNSS. Sosiete ndogo haiko hivyo. Sheria ya mwaka 2013 juu ya sosiete ndogo iliweka kodi ya 2% ya feza yote inayoingia kwa wale wanaouza kazi ya mikono ao ya akili, na 1% kwa wanaouza vitu. Kwa hiyo mwipwa wangu alisema kweli: kodi ilikuwa kidogo. Dola 24 juu ya 1.200. (Sheria ya feza ya Leta inakuja kila mwaka na inaweza kugeuza mambo, kwa hiyo mwezi wa kwanza pita ku DGI uulize kiasi cha mwaka ule. Usiulize barabarani.)

Nikamwambia: “Kodi ni kidogo, ndiyo. Sasa tuandike vile kampuni ilikuwa inalipa na weye ulikuwa hauone.”

Tukaandika. Kwanza, mwenye sosiete hana likizo yenye malipo. Mwezi mmoja wa kupumzika, wa ugonjwa ao wa kukosa kazi, hakuna faktire. Basi miezi 11 mara 1.200 ni dola 13.200. Toa kodi 2%, dola 264. Toa makaratasi ya Leta na mtu wa kushika hesabu, tukaweka 600 kwa mwaka. Toa hopitali. Hapa mke wake ndiye aliyesema bei, maana yeye ndiye anayepeleka watoto: malaria, meno, na ule mwaka aliozaa kwa kupasuliwa. Sheria ya Kazi inamlazimisha mwenye kazi kumtunza mtumishi na jamaa yake wakiwa wagonjwa, lakini kwa furnisere hailazimishi kitu. Tukaweka 1.500 kwa watu sita. Toa usafiri, kwa maana basi ya kampuni ni ya watumishi: 720. Toa viatu vya kazi, miwani ya kuunga vyuma, salopeti, vyombo: 500. Toa feza ya uzee. Ku CNSS, ile ya uzee ni 10% ya mshahara, nusu anakatwa mtumishi, nusu analipa mwenye kazi. Sasa yote ni juu yako. Kwa kukadiria juu ya 900, ni dola 1.080 kwa mwaka.

Tukajumlisha. Kukabaki 8.536. Gawa kwa miezi 12: dola 711.

Akanyamaza. Mke wake akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijaliandika bado: “Na akiungua?”

Hilo ni swali la mwanamke anayefua nguo zenye matundu ya moto. Katika CNSS malipo yote ni 18%: 5% ya mtumishi na 13% ya mwenye kazi. Ndani ya hiyo 13% kuna 1,5% ya ajali na magonjwa yanayotoka kazini, na hiyo analipa mwenye kazi peke yake. Kuna tena 6,5% ya posho ya watoto, nayo ni ya mwenye kazi. Kwa hiyo akikufanya sosiete, kitu cha kwanza anachoweka mfukoni mwake ni hiyo 13%. Mimi ninaona hapo ndipo penye faida ya kweli. Ile dola 300 ya juu unayoonyeshwa ni faida yake mwenyewe, amekumegea kipande.

Kartie yetu ina jirani mmoja, dereva wa gari kubwa, aliyekuwa na “sosiete” ya namna hiyo. Alivunjika mguu ndani ya kariere, usiku. Pale wagonjwa wanapopokelewa, wakaangalia baji yake, rangi yake haikuwa ile ya watumishi. “Huyu hayuko mutu yetu, eko furnisere.” Walimfunga mguu, wakampa jamaa yake faktire. Yaani yeye aliyezoea kupeleka faktire, siku ile aliletewa. Mama akauza friji na mashine ya kushona. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na dereva mwenye mguu mfupi hapiti vizuri kwenye uchunguzi wa daktari wa mgodi.

Sasa utaniuliza: je, karatasi ikisema mimi ni sosiete, sheria itafanya nini? Hapa nisikilize vizuri. Sheria yetu ya Kazi haiulizi karatasi inaitwaje. Inasema kontra ya kazi ni mapatano, ya kuandikwa ao ya kusema tu, ambayo mtu anajifunga kufanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, moja kwa moja ao kwa kupitia mwingine, na kulipwa. Basi jiulize. Nani anasema uingie saa ngapi? Nani anakupangia timu ya usiku? Ukitaka kumtuma ndugu yako afanye kazi pahali pako leo, watakubali? Vyombo ni vya nani? Ukikosa siku moja, wanakuandikia barua ya kuomba maelezo? Kama shefu anakuandikia barua ya maelezo, wewe hauko sosiete, hata ukiwa na muhuri wa pande zote. Hakuna mtu anayemwomba furnisere wa sementi maelezo kwa nini hakukuja Jumatatu.

Hata kwa kazi ya siku kwa siku, sheria ile imeweka mpaka. Mtu aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, wakimchukua tena mbele ya miezi hiyo miwili kwisha, wanahesabiwa kuwa wamemchukua kwa kontra isiyo na mwisho. Wengi wanaondolewa siku ya 21. Sasa unajua sababu.

Usifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa Katanga tu. Shemeji yangu mmoja anaishi Uingereza, kazi yake ni kompyuta, naye ana sosiete ya mtu mmoja. Nilipomweleza habari ya mwipwa alicheka kwa simu, akasema kule wanapigania jambo hilo hilo zaidi ya miaka 25. Lakini kule lilianza kwa upande mwingine. Watu wenye mishahara mikubwa ndio waliokimbilia sosiete, maana mwenye sosiete aliweza kujilipa kwa njia ya faida ya sosiete na kutoa kodi kidogo kuliko mtumishi. Pengine mtu aliacha kazi Ijumaa, akarudi Jumatatu kwenye meza ile ile, akiwa “sosiete”. Leta ya kule iliona inapoteza. Mwezi wa 3 mwaka 1999 ikatangaza kanuni mpya kwa karatasi yenye namba IR35, na namba ya karatasi ikawa jina la kanuni mpaka leo. Ilianza kufanya kazi mwezi wa 4 mwaka 2000. Swali lake ni moja: tukiiondoa sosiete pale katikati, je, mtu huyu angekuwa mtumishi wa anayemlipa? Ikiwa ndiyo, atoe kodi ya mtumishi.

Mwanzoni mwenye sosiete alijihukumu mwenyewe. Unaweza kufikiri ni wangapi waliojihukumu kuwa watumishi! Kwa hiyo tangu mwaka 2017 kwa ofisi za Leta, na tangu tarehe 6 Aprili 2021 kwa kampuni za kadiri na kubwa, ni yule anayepokea kazi ndiye anayepashwa kuamua, na kosa likionekana anaweza kudaiwa yeye. Kampuni nyingi kubwa ziliogopa, zikasema hatutaki tena sosiete za mtu mmoja. Na wengine walibaki pahali pabaya: wanakatwa kodi kama watumishi, lakini likizo ya watumishi hawapewi. Shemeji anasema hilo ndilo linalowaumiza. Nimelitaja ili usifikiri kwamba ku Bulaya kila kitu kimenyooka.

Matribinali yao yana hadithi mbili ambazo dereva wa kwetu atazipenda. Moja ni ya mwaka 1968. Dereva mmoja alibeba beto kwa kampuni moja tu. Gari lilipakwa rangi za kampuni, yeye alivaa nguo za kampuni. Ungemwona ungesema, huyu ni mtumishi kabisa. Lakini gari alikuwa akilinunua yeye kwa deni, mafuta na matengenezo ni yake, na alikuwa na ruhusa ya kumweka dereva mwingine ashike usukani. Mwamuzi akasema: huyu anafanya kazi yake mwenyewe. Hadithi ya pili ni ya mwaka 2011, watu wa kusafisha magari. Kontra zao zilisema wazi kwamba kila mmoja anajitegemea na anaweza kutuma mwingine. Tribinali kubwa ya inchi ikaangalia vile kazi ilifanyika kila siku, ikaona maneno yale hayakufuatwa na mtu. Ikasema watu hao wana haki ya mshahara wa chini na ya likizo. Rangi haikumfanya yule wa kwanza kuwa mtumishi, na karatasi haikuwafanya hawa kuwa sosiete.

Kwetu mambo yamepinduka kidogo. Kule ni mara nyingi fundi mwenyewe aliyetafuta sosiete ili apunguze kodi. Hapa ni mwenye kazi anayekusukuma, na feza inayopunguka kwanza ni ya CNSS na ya hopitali. Lakini Leta inapoteza pia. IPR ya watumishi kumi ikigeuka kuwa 2% ya sosiete kumi, barabara na masomo vitajengwa na nini? Ninasema hivyo nikijua vizuri kwamba utanijibu, “Barabara gani?” Nimekusikia.

Nisiwaogopeshe wale wenye sosiete ya kweli. Ninamshikia hesabu mama mmoja wa Kipushi anayeshona salopeti. Alianza na mashine moja, leo ana tatu, na wasichana wawili anawalipa. Anauzia kampuni nne. Bei anaitaja yeye, nao wanabishana naye. Kampuni moja ilipokatisha kazi alilia siku mbili, siku ya tatu akatafuta nyingine. Hiyo ndiyo sosiete: anaweza kupata na anaweza kupoteza, na hakuna shefu anayemwambia saa ya kula. Mtu kama yeye sheria imemrahisishia njia. Tangu inchi yetu iliingia katika OHADA, mwezi wa 9 mwaka 2012, mtu mmoja peke yake anaweza kufungua SARL, na makaratasi yanafanyiwa pahali pamoja, ku Guichet unique: RCCM, numero ya taifa, numero ya kodi.

Lakini kufungua ni siku chache, kubeba ni miaka. Ukiisha kupata numero ya kodi, DGI inakungojea hata mwaka usiopata kazi. Unapashwa kupeleka karatasi ya kusema “sikupata kitu”. Usipoipeleka, faini inaanza kuzaa watoto. Ninao vijana wawili walioacha sosiete zao zife kimya kimya, kama mtu anayeacha baiskeli ukutani. Sosiete haifi hivyo. Inafungwa kwa makaratasi kama vile ilivyofunguliwa kwa makaratasi, ao deni lake litakungoja siku utakapotaka kufungua nyingine.

Na sosiete ikikua ikaingia katika TVA, shika neno hili: ile 16% si yako. Tangu mwaka 2012 unaiandika chini ya faktire, inapita mikononi mwako, ni ya Leta. Kijana mmoja alipokea faktire yake ya kwanza yenye TVA, akaona feza nyingi, akanunua pikipiki. Pikipiki ilikuwa nyekundu, nzuri kweli. Aliiuza mwaka huo huo kulipa DGI, na kwa bei ya mtu mwenye haraka. Kwa hiyo mkubwa akikuambia 1.200, uliza kwanza: 1.200 bila kodi, ao kodi ikiwa ndani? Katika neno dogo hilo kuna zaidi ya dola 165.

Mwipwa wangu hakutia sahihi siku ile. Alirudi kazini akaomba siku nane, akazungumza na wenzake tisa waliopewa makaratasi sawasawa na yake. Wakakubaliana neno moja: barua ya kuacha kazi hatuandiki. Kampuni ikitaka kumaliza kontra zetu, imalize yenyewe, itulipe siku zetu na likizo zetu, halafu tutazungumza kama sosiete. Wakubwa walikasirika. Wiki mbili hakuna aliyesalimiwa vizuri. Wawili kati ya wale kumi walichoka, wakatia sahihi, na siwahukumu, mmoja alikuwa na mtoto hopitalini. Wanane waliobaki walikwenda kwa inspekta wa kazi, na kampuni ilipoitwa ikakubali kuwalipa siku zao zote. Watano wakabaki watumishi, maana kumbe kazi yao ilikuwa ya lazima. Mwipwa yeye alichagua sosiete, kwa macho wazi. Bei ni 1.650 bila kodi, na ndani ya kontra kumeandikwa kwamba akiumia kazini kampuni inalipa matunzo. Alitaka waandike pia siku 30 za kulipa faktire. Hapo walikataa. Faktire yake ya kwanza ilichukua siku 74, na jamaa iliishi kwa ile feza ya siku 56.

Na wewe uliyekwisha kutia sahihi mwaka jana ao juzi? Usichome makaratasi kwa hasira. Tafuta kontra, baji, orodha za timu ya mchana na usiku zenye jina lako, barua za maelezo kama walikuandikia, ujumbe wa shefu katika simu unaokuamuru saa na pahali, karatasi za banki zinazoonyesha kwamba feza inatoka kwa mmoja tu kila mwezi. Tengeneza kopi, uache moja nyumbani kwa mama. Halafu uende kwa inspekta wa kazi wa fasi yako, mbele ya kwenda ku tribinali, maana sheria inataka mpite kwake kwanza ili ajaribu kuwapatanisha. Mkienda wengi ni bora kuliko mmoja. Na kama anauliza mnadai nini, msianze na kodi. Anzeni na CNSS: ombeni aangalie kama majina yenu yalilipiwa, na tangu mwezi gani.